Kasha la vitu tisa la kusafishia pikipiki: miezi 11 baadaye natumia vitatu

Pikipiki yangu niliinunua ikiwa imeshatembea kilomita 6,240. Namba hiyo ndiyo mstari wa kwanza katika daftari langu la pikipiki. Mstari wa pili ni kasha la usafi nililoagiza jioni ileile, kabla sijaweza hata kuipandisha juu ya stendi kubwa bila kuita mtu. Ni pikipiki ya kawaida tu: CC 150, silinda moja, inapozwa na hewa, breki ya disiki mbele na ya drami nyuma, cheni iko wazi. Nina miaka 41 na sikuwahi kumiliki chombo chenye injini. Nilijua kuendesha kutanipa tabu, na kweli kulinipa, wiki tatu hivi. Kuitunza ndiko kulikonishika hadi leo.

Jina la kasha silitaji. Makasha ya namna hii ni mengi na yanafanana kama mapacha, kwa hiyo nitakayoyasema yatakusaidia hata ukikutana na jingine lenye picha ya pikipiki inayometa mbele. Langu lilikuwa na shampuu ya pikipiki lita moja, kopo la kupuliza la kusafishia cheni, kopo la kilainishi cha cheni, brashi ya cheni, brashi ndefu ya rimu, sponji, kitambaa laini cha kukaushia, kopo la kung'arisha matairi na chupa ya polishi ya bodi. Glavu hazimo. Waliofungasha vitu tisa vya kuchezea grisi hawakukumbuka mikono ya mtu, na hilo lilipaswa kunishtua mapema.

Nianze na brashi ya cheni, maana peke yake ilitosha kunifanya nisilijutie kasha zima. Ina umbo la herufi U na nywele ngumu pande tatu, hivyo ukiibana juu ya cheni inasugua mgongo na mbavu zote mbili kwa pamoja. Kabla haijafika nilikuwa nimejaribu na mswaki wa zamani: dakika arobaini, vidole vimechubuka, na katikati ya pingili bado kumejaa tope jeusi. Kwa brashi hii ni dakika kumi na mbili. Nimepima kwa saa.

Ninavyofanya ni hivi. Pikipiki juu ya stendi kubwa, gia iko niutro, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Hili la ufunguo nalitaja makusudi. Wapo wanaowasha injini na kutia gia ya kwanza ili cheni ijizungushe, wao washike kitambaa tu. Kaka yangu ni fundi, na mkono wake wa kulia una ncha mbili za vidole pungufu kwa mchezo huohuo. Alizipoteza akiwa ameshafanya kazi ya ufundi miaka tisa, si mwanafunzi. Tairi lizungushe kwa mkono, polepole, uende nalo pingili kwa pingili.

Kopo la kusafishia cheni lilifanya kazi nzuri na likaisha mara ya tatu nikiwa nusu ya cheni. Kaka alicheka. "Mdogo wangu, nunua mafuta ya taa." Nikanunua. Nusu kikombe ndani ya kopo la zamani, nachovya brashi, nasugua, nafuta kwa fulana iliyochakaa, narudia mpaka kitambaa kitoke na rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Chini naweka beseni bapa ili uchafu usidondoke ardhini, na mafuta yaliyotumika nayapeleka gereji yakamwagwe kwenye pipa la oili chafu. Matokeo ni yaleyale ya kopo. Tofauti ni kwamba kopo linanukia machungwa.

Petroli usiitumie, hata kama jirani yako anaitumia. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Halafu kuna suala la ringi. Pikipiki nyingi kubwa, na baadhi ya ndogo, zina cheni ambayo katikati ya bamba za kila pingili kuna kiringi cheusi cha mpira kinachofungia grisi iliyotiwa kiwandani. Petroli inaukausha ule mpira, unapasuka, grisi inatoka, na cheni inakufa kutoka ndani huku kwa nje inaonekana safi. Brashi ya waya nayo inazichana. Chuchumaa uangalie: ukiona vimpira vidogo vyeusi kati ya bamba, yako ni ya ringi. Yangu haina. Kwa hiyo nailainisha mara kwa mara zaidi, kila kilomita 500 kama kitabu kinavyosema, na kila nikinyeshewa, hata kama ni jana tu nimeilainisha.

Kilainishi cha kasha ni cha pili katika vile vitatu ninavyovisifu, na nimeshanunua kopo jingine lake peke yake. Kinatoka kikiwa chepesi kama maji, kinapenya, kisha baada ya robo saa kinaganda kuwa utando unaonata. Lakini kwa mwezi wa kwanza nilikichukia bila haki. Nilikuwa nakipuliza asubuhi na kuondoka palepale. Kufika niendako, rimu ya nyuma ina madoadoa meusi, namba ya usajili ina madoadoa, na suruali yangu nyuma, kwenye shavu la mguu, ina mstari ambao haujatoka mpaka leo. Kosa lilikuwa langu. Kilainishi kinatakiwa kipulizwe jioni, umetoka safari na cheni ina uvuguvugu, kisha uiache pikipiki ilale. Pulizia upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni), kwenye mkondo wa chini, kwa sababu cheni ikizunguka nguvu ya mzunguko inayasukuma mafuta kutoka ndani kwenda nje. Ukipulizia upande wa nje, unailainishia rimu. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu: kinachobaki juu ya bamba hakina kazi yoyote zaidi ya kukusanya vumbi.

Kama huna kopo, oili ya gia ya 80W-90 inafaa, ipake kwa brashi ndogo. Inachafua zaidi, ila inalainisha. Wengi huniuliza kuhusu WD-40, kwa kuwa kila nyumba ina kopo lake. Jina lenyewe linakujibu: ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na 40 ni namba ya jaribio lililofaulu. Iliundwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kuzuia kutu kwenye makombora. Kufukuza maji baada ya kuosha, sawa. Lakini lile kopo la kawaida linaacha utando mwembamba mno kubaki kwenye cheni inayovuta mzigo siku nzima, kwa hiyo ukilitumia bado una kazi ya kulainisha mbele yako.

Nawaonea wivu wenye Honda Super Cub. Tangu ilipotoka mwaka 1958, cheni yake ilifunikwa kabisa na kasha la chuma, mtu anavaa suruali anayotaka. Mpaka mwaka 2017 walikuwa wameshatengeneza milioni 100 za aina hiyo. Watengenezaji wengine waliiona ile cheni iliyofunikwa kwa karibu miaka sitini na bado wakaniuzia iliyo wazi.

Sasa shampuu. Haina ubaya. Inatoa povu, haiachi mabaka, na lita moja ilinitosha miezi minane. Ila ilipoisha nilitumia ya magari na sikuona tofauti, wala pikipiki haikulalamika. Usichotakiwa kutumia ni sabuni ya unga ya kufulia, maana ni kali kwa alumini na punje zisizoyeyuka zinakwaruza rangi. Sabuni ya vyombo inaondoa mafuta vizuri, na hapohapo inaondoa polishi yote iliyokuwa inalinda rangi. Kwa dharura sawa, kwa kila wiki hapana.

Namna ya kuosha ina uzito kuliko unachooshea, na hapa kijikaratasi kilichokuja na kasha kilikuwa na mistari minne tu. Mara ya kwanza niliosha saa saba mchana, juani, nimetoka tu safari. Maji yakachemka juu ya mapezi ya silinda, shampuu ikakauka kabla sijaisuuza, na mapezi yakabaki na mabaka meupe yaliyonichukua majuma mawili kuyatoa. Sasa nasubiri mpaka niweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukitoa haraka, na pikipiki inakaa kivulini. Mdomo wa ekzosi nauvisha mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira, na ufunguo wa pikipiki nauning'iniza kwenye huo mfuko, nisije nikawasha nikausahau mfuko. Cheni na rimu zinatangulia kwa sababu ndizo chafu zaidi, na vifaa vyake ni vyake peke yake. Kisha tangi, siti na bodi, kutoka juu kushuka chini, na ndoo mbili: moja ya povu, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu. Ndoo ya pili ikimaliza kazi, tazama ndani yake, chini kabisa. Ule mchanga ungekuwa umepita juu ya tangi lako.

Ndivyo sponji ya kasha ilivyoniponza. Ilidondoka chini, nikaisuuza kwa haraka, nikaendelea. Ubavu wa kushoto wa tangi una michirizi ya duara inayoonekana vizuri jua likiwa linazama. Sponji ina matundu, na mchanga ukiingia hautoki. Niliitupa, nikachukua glavu ya kuoshea yenye manyoya. Kitambaa cha kukaushia, kwa upande mwingine, ni cha tatu katika orodha ya vinavyobaki. Kinanyonya maji ajabu. Kifue peke yake, bila kilainishi cha nguo, kwani kile kinaziba nyuzi na kitambaa kinaanza kusambaza maji badala ya kuyanywa. Brashi ya rimu iling'oka nywele mwezi wa pili. Basi.

Kuna siku nilichoka nikaipeleka kwa waoshaji wenye mashine ya presha. Kijana alifanya kazi kwa bidii, sina neno naye, akaelekeza mdomo wa mashine kila mahali kwa umbali wa shubiri moja. Pikipiki ilitoka inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Kesho yake honi ilikuwa inakohoa na kioo cha spidi kina ukungu ndani. Baada ya majuma matano gurudumu la mbele likaanza kunguruma, na kaka alipolifungua akakuta beringi ina kutu. Siwezi kuapa kwamba ni maji yale. Pikipiki ilikuwa imetumika kabla yangu. Ninachojua ni kwamba sili za beringi zimetengenezwa kuzuia mvua na matope, na mkondo wa presha ukielekezwa usawa wake unapita. Vivyo hivyo swichi za usukani, soketi za nyaya, mdomo wa ekzosi, na radieta kwa wenye nazo, ambayo mapezi yake hulala kama nyasi. Kama lazima utumie mashine, simama mbali na upige pembeni. Mimi nimerudi kwenye mpira wa maji wa kawaida.

Nije kwenye kopo la kung'arisha matairi, na hapa naomba radhi kama sauti itapanda. Kitu hiki hakitakiwi kuwa ndani ya kasha la pikipiki. Gari lina magurudumu manne na halilali kwenye kona. Pikipiki inalala, na inapolala inasimama juu ya kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kiganja, tena cha pembeni, palepale ambapo ule mng'ao unatiririkia. Nilipuliza tairi la mbele nikiwa makini nisiguse sehemu inayokanyaga barabara, na nilifanikiwa. Ukungu wa dawa ndio ulionishinda: ulitua kwenye disiki ya breki, nami sikuuona. Nilitoka, nikashika breki ya mbele kwenye makutano, ikateleza kama sahani yenye sabuni. Nilisimama kwa breki ya nyuma, mita mbili ndani ya njia ya wengine. Dereva wa lori alinitazama tu, nadhani aliniona nimeshajilaumu vya kutosha.

Disiki niliisafisha kwa spiriti na kitambaa kipya, mara tatu, ikarudi kuwa kavu. Pedi zilikuwa zimeshanyonya silikoni, na pedi zikinyonya hazitibiki, hata ukizichoma au kuzisugua msasa. Nilinunua mpya. Kwenye kopo, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chungu, imeandikwa: usitumie kwenye sehemu inayokanyaga wala kwenye breki. Wanajua. Wanajua na wameliweka kasha moja na brashi yenye picha ya pikipiki. Tairi linataka maji, sabuni na brashi, likikauka linakuwa jeusi la kawaida, na hakuna aliyewahi kunisimamisha kuniuliza kwa nini matairi yangu hayang'ai.

Hata bila dawa hiyo, baada ya kuosha breki zijaribu kabla hujaingia barabarani. Sukuma mbele, shika, sukuma, shika, mara tano sita. Disiki itakuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa. Hiyo ni kawaida, inafutika kwa mishiko miwili mitatu. Drami iliyoingia maji ndiyo inayochukua muda.

Polishi ya bodi ni nzuri kwa tangi. Kwa plastiki isiyong'aa inaacha weupe kwenye vijipele, na kwenye siti usiithubutu, utateremka mpaka kwenye tangi kila ukishika breki.

Hayo ndiyo yaliyokuwemo. Yasiyokuwemo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kasha lenye maandishi ya "matunzo kamili" halikuwa na geji ya upepo. Mimi nilikuwa napima upepo kwa kukandamiza tairi na kidole gumba, kama kuangalia godoro. Nilipopata geji nikakuta tairi la nyuma lina psi 17, wakati karatasi iliyobandikwa kwenye kikinga kidogo cha juu ya cheni inataka 28 nikiwa peke yangu na 33 nikiwa na abiria. Kwa majuma yote hayo nilidhani pikipiki zote huwa nzito kwenye kona. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu likitembea hewa inapanuka na geji inakudanganya. Ukiwa hapo chini tafuta pia zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 1223 ina maana wiki ya 12 ya mwaka 2023. La mbele kwangu lilikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wa dada yangu wote wawili, na kashata zake (vile vijimeno vinavyokanyaga barabara) bado zilikuwa ndefu, kwa hiyo muuzaji aliniambia ni jipya. Mpira unakauka hata ukikaa tu.

Halikuwa na rula pia, na rula ndiyo kifaa cha cheni baada ya brashi. Cheni haitakiwi kukaza wala kulegea: yangu inatakiwa icheze kati ya milimita 20 na 30 ukiisukuma juu na chini katikati ya mkondo wa chini. Yako soma kitabu chako. Pima, zungusha tairi kidogo, pima tena, mahali pengi, maana cheni iliyotumika hailingani, kuna sehemu inayokaza kuliko nyingine, na marekebisho yanafuata hiyo inayokaza. Ukisogeza ekseli, alama za kushoto na kulia zilingane. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwenye breki ya drami inayovutwa kwa chuma, ukirudisha gurudumu nyuma ili kukaza cheni, breki ya nyuma inakaza nayo. Niliendesha kilomita kumi nikinusa kitu kinachoungua na kulaumu lori lililokuwa mbele yangu. Kaza cheni, kisha rekebisha nati ya breki, kisha hakikisha taa ya breki inawaka pale pedali inapoguswa na si kabla.

Oili nitaisema haraka. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima. Mimi niliipima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, nikaona kijiti kikavu, nikaongeza karibu robo lita kwenye injini inayochukua lita moja. Ikatoa moshi, na oili ikapanda mpaka kwenye boksi la filta ya hewa. Nilifyonza ya ziada kwa bomba la sindano, jioni nzima. Kingine, angalia chupa iwe imeandikwa JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi za pikipiki nyingi zinaoga ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo vinaifanya klachi iteleze. Mafuta ya breki nayo, ukiyaongeza, funika tangi kwanza. Mafuta ya breki ya aina za DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi kama tindikali, na kitambaa kikavu hakisaidii, mwaga maji mengi mara moja.

Nilitaka kuishia hapo, ila sijaeleza kwa nini nikasema brashi peke yake ilitosha.

Kwenye kilomita 7,015 nilikuwa naisugua cheni kwa mafuta ya taa, mara ya nne au ya tano hivi, na kwa mara ya kwanza ikatoka safi kabisa, unaona chuma. Pingili moja ilikuwa tofauti. Cheni za pikipiki ndogo nyingi zinaungwa kwa pingili yenye klipu, kijichuma chembamba kama samaki, mkia wake umepasuka. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa sababu ilikuwa imezikwa kwenye grisi tangu kwa mwenye pikipiki wa kwanza. Nikaipiga picha kwa sababu ilikuwa nzuri tu, inameta rangi ya dhahabu, nikamtumia kaka.

Simu ikalia kabla sijafuta mikono.

"Hiyo cheni inazunguka kuelekea wapi hapo kwenye picha?"

Nikamwambia kulia.

"Na mkia wa klipu uko kulia?"

"Ndiyo, kaka."

"Usiiwashe. Nakuja."

Upande uliofungwa wa klipu, kichwa cha samaki, ndio unaotakiwa kutangulia kule cheni inakokwenda. Mkia ukitangulia, jiwe au kijiti kikiugonga kinausukuma klipu itoke, pingili inafunguka, na cheni inaweza kukatika na kujisokota kwenye sproketi ya mbele ukiwa kwenye mwendo. Kaka alikuja na koleo na klipu mpya, kwa sababu ya zamani haifai kurudishwa ikishatolewa. Kazi ya dakika tano. Kisha akakaa kwenye ndoo yangu ya povu, akaniuliza nimetembea kilomita ngapi na klipu ile. Tukatoa 6,240 kwenye 7,015. Hakusema kitu. Aliomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kasha linafaa kwa mtu mwenye pikipiki yake ya kwanza, jibu ni hapana, nunua vitu kimoja kimoja: brashi ya cheni ya pande tatu, kopo la kilainishi, kitambaa kizuri cha kukaushia, geji ya upepo, rula, glavu za mpira, chupa ya mafuta ya taa, shampuu ya gari. Ukipewa zawadi kasha, pokea kwa mikono miwili, kisha kopo la matairi mpe mwenye gari.

Leo daftari linasema 14,870. Nywele za pembeni za brashi zimeanza kulala, inabidi nibane kwa nguvu ndipo zifike kwenye bamba. Nimeagiza nyingine. Muuzaji alinijulisha kwamba ndani ya kasha ingeniangukia nafuu zaidi.